Bahari ilipanda na kushuka mara ngapi?

Najua nimepotea. Wiki tatu hapa pamekauka kama mfuko wangu kabla bumu halijatoka, na wengine mmeshaanza kuniuliza kwenye foleni ya chakula kama nimedisco. Sijadisco jamani. Nilikuwa nimejichimbia maktaba, na safari hii sikuwa nasomea mtihani. Nilikuwa natafuta jibu la swali la mtoto wa Form Three.

Wengi wenu mnajua TP yangu ya mwisho nilikuwa kusini, upande wa Kilwa. Vituko vya ile nyumba ya walimu na popo wake nilishavisimulia. Hiki hapa sikukisimulia kwa sababu nilikuwa naona aibu.

Siku hiyo nafundisha miamba ya mashapo. Nimejiandaa, lesoni plani safi, mchoro upo ubaoni. Nikawaambia kama nilivyoambiwa mimi, na kama desa linavyosema: mto unaleta mchanga na tope baharini; vizito vinazama mapema karibu na pwani, vyepesi vinakwenda mbali. Kwa hiyo ukikuta changarawe na mchanga, hapo palikuwa ufukweni. Ukikuta tope laini, hapo palikuwa na maji marefu yaliyotulia. Rahisi, na mtihani unapenda rahisi.

Binti mmoja akanyoosha mkono. Mkononi ana jiwe. Jiwe la chokaa, limejaa vijiduara kama sarafu ndogo zilizobanana. Akasema, mwalimu, kwetu wamechimba shimo la kisima. Udongo wake ni laini kama unga, wa kijivu. Halafu katikati kuna tabaka la jiwe hili, chini yake udongo laini tena, halafu jiwe tena. Sasa mwalimu, bahari ilikuwa inapanda na kushuka?

Nikajibu haraka, ndiyo, ilikuwa inapanda na kushuka.

Akauliza, ilipanda na kushuka mara ngapi?

Darasa likacheka. Nikaona kama ananitania. Nikamwambia kaa chini, hilo haliji kwenye mtihani. Akakaa. Jiwe akaliweka mfukoni, na kwa wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena. Hicho ndicho kilichoniuma, jamani. Mtoto alikuja na jiwe, mimi nikamrudisha na aibu.

Basi bwana, nimerudi kampasi, nimesoma, na nimegundua kwamba swali lake liliwahi kuwatoa jasho maprofesa wa Ulaya na Marekani zaidi ya miaka mia. Na jibu nililompa ndilo walilokuwa wakilitoa wao, na walikosea. Kaeni vizuri, hadithi ni ndefu.

Tuanzie Uswisi. Mwaka 1827 mtu mmoja anaitwa Bernhard Studer aliipa miamba fulani ya Alps jina la flysch, neno la wenyeji wa kule. Ni mchanga, tope, mchanga, tope, mchanga, tope, tabaka juu ya tabaka kama mkate wa vipande, mamia kwa maelfu. Miamba ya namna hiyo ipo pia Italia, Ufaransa, California na kwingi kwingine. Swali lao likawa lile lile la binti wa Kilwa. Kama mchanga maana yake maji mafupi, na tope maana yake maji marefu, basi sakafu ya bahari ilikuwa inapanda na kushuka kama lifti? Mara maelfu? Wengine wakakubali hivyo hivyo, maana hawakuwa na njia nyingine. Kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba kilindi ni mahali pa kimya. Hakuna mawimbi, hakuna mkondo wa maana, ni vumbi tu linashuka polepole miaka nenda miaka rudi. Mchanga ungefikaje huko?

Dalili zilikuwepo. Kwenye miaka ya 1880, Mswisi François-Alphonse Forel alikuwa anachunguza ziwa la Geneva. Akaona mto Rhône unapoingia ziwani haukomi pale. Maji yake ni ya baridi na yana tope, kwa hiyo ni mazito kuliko maji ya ziwa, yanapiga mbizi na kutembea chini kabisa, na yamechimba korongo kwenye sakafu ya ziwa. Mto ndani ya ziwa! Lakini wengi walilichukulia kama jambo la maziwa tu.

Mwaka 1936 Reginald Daly wa Marekani akauliza: makorongo makubwa yaliyopo chini ya bahari yamechimbwa na nini? Akapendekeza maji yenye tope, mazito, yanayoporomoka mteremkoni. Mwaka uliofuata Mholanzi Philip Kuenen akajenga mteremko ndani ya tangi la maji, akamwaga tope, akaangalia. Likakimbia chini kama alivyosema Daly. Wengi bado wakasema, hilo ni tangi bwana, bahari siyo tangi.

Na hapa ndipo hadithi inaponishika koo. Ushahidi wa baharini kwenyewe ulikuwa umeshapatikana. Ulikuwa umekaa kwenye makabati ya kampuni za simu tangu 1929.

Tarehe 18 Novemba 1929, saa kumi na moja jioni, tetemeko lenye ukubwa wa 7.2 lilipiga chini ya bahari kusini mwa Newfoundland, mahali panapoitwa Grand Banks. Newfoundland leo ni sehemu ya Canada. Wakati ule ilikuwa inajitegemea. Watu wa rasi ya Burin, wavuvi wa samaki aina ya kodi, walihisi vyombo vikitikisika kabatini, wakatoka nje, wakaulizana, wakarudi ndani. Saa mbili na nusu hivi baadaye bahari ikavutwa nyuma, halafu ikaja. Nyumba za mbao zikang'olewa zikaelea. Magati, mashua, samaki wa msimu mzima, mafuta ya kupashia moto, vyote vikaenda. Watu 28 walikufa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto waliokuwa majumbani.

Siku ya pili theluji ikashuka na upepo mkali. Laini ya simu ya kwenda nje ilikuwa imekatika. Siku tatu, wadau, dunia haikujua. Muuguzi mmoja, Dorothy Cherry, alizunguka kijiji kwa kijiji ndani ya theluji akitibu watu. Mpaka meli ya ratiba ya kawaida, Portia, ilipofika ikiwa na redio ndipo taarifa ikaenda mji mkuu, St. John's, na meli ya msaada ikatumwa.

Sasa, wakati hao wanalia, upande mwingine kulikuwa na watu wanashangaa kwa sababu nyingine. Chini ya eneo lile zilipita nyaya za telegrafu za kuunganisha Marekani na Ulaya. Nyaya 12 zilikatika. Zile zilizokuwa karibu na tetemeko zilikatika papo hapo, hiyo inaeleweka. Lakini zilizokuwa mbali zaidi, upande wa kina kirefu, hazikukatika pamoja. Ulikatika mmoja, halafu wa chini yake, halafu wa chini ya huo, kwa mpangilio, kuelekea kilindini. Wa mwisho ulikatika baada ya saa 13 na zaidi, umbali wa kilomita kama 500. Na mashine za ofisini ziliandika saa na dakika ya kila mmoja, kwa sababu waya ukikatika ujumbe unakoma.

Kampuni zikatuma meli, zikatengeneza, zikaandika ripoti, zikafunga faili. Wataalamu wakasema ni tetemeko. Kwamba waya ulisubiri saa 13 ndipo ukatike, hilo likaachwa.

Likaachwa miaka 23. Mwaka 1952 Bruce Heezen, kijana ambaye alikuwa bado mwanafunzi (nasema hivi kwa ajili yetu sote tunaodharauliwa kwenye semina), pamoja na mkuu wake Maurice Ewing, walizichukua zile saa na dakika wakaziweka kwenye ramani. Umbali gawanya kwa muda. Hesabu ya darasa la sita. Ikatoka picha ya kitu kinachokimbia chini ya bahari, kasi sana kwenye mteremko mkali, kikipungua kasi kadiri sakafu inavyotulia. Tetemeko lilitikisa mteremko, tope likaporomoka, likachanganyika na maji, likageuka mkondo mzito unaokimbia, na ulipokutana na waya ukaukata. Hesabu yao ya kwanza ilifika karibu kilomita 100 kwa saa. Waliorekebisha baadaye waliishusha mpaka kama 70. Hata 70, ndugu zangu, ni mwendo wa daladala isiyo na abiria usiku, na hapa tunaongelea tope, kwenye kina cha kilomita kadhaa. Baadaye walishusha mabomba ya kuchukua sampuli kwenye uwanda wa chini, wakakuta tabaka jipya juu kabisa: chenga kubwa chini, laini juu.

Hiyo “chenga kubwa chini, laini juu” ndiyo saini. Chukua chupa ya maji, weka mchanga na udongo, tikisa, weka chini. Mchanga unatua kwanza, kisha vumbi la mchanga, tope mwisho. Mkondo wa tope ukichoka unafanya hivyo hivyo. Mimi sikuishia kwenye chupa, nilichukua beseni la kufulia nikalitega kwa kitabu nikamwaga tope upande wa juu. Mwenzangu wa chumbani hajanisemesha siku mbili. Lakini nililiona kwa macho yangu: tope halikusambaa ndani ya maji kama nilivyotegemea, lilishika sakafu likakimbia kama nyoka.

Miaka miwili kabla ya Heezen, yaani 1950, Kuenen na Mwitaliano Carlo Migliorini walikuwa wameshaandika kwamba mikondo hiyo ndiyo iliyotandika yale matabaka ya milimani yenye chenga kubwa chini na laini juu. Mwaka 1951 Kuenen akaandika tena na Manley Natland kuhusu bonde la Ventura, California. Natland alikuwa mtaalamu wa foraminifera, vijidudu vya baharini vyenye gamba, ambavyo kila aina ina kina chake cha kuishi. Kwenye tope lililo katikati ya matabaka ya mchanga alikuta aina za kilindini. Kwa maana hiyo bahari haikupanda wala kushuka. Ilikuwa ndefu muda wote. Tope lilikuwa linashuka taratibu kama kawaida yake, halafu siku moja mchanga ukaporomoka kutoka juu, ukafika, ukatulia, na kimya kikarudi. Kila tabaka la mchanga ni tukio moja, la saa chache au siku chache, na katikati yake ni miaka mamia au maelfu ya utulivu. Mwaka 1962 Arnold Bouma, aliyesoma mawe ya mchanga ya Annot kusini mwa Ufaransa, akaeleza mpangilio wa ndani wa tabaka moja kwa hatua tano, na wanajiolojia mpaka leo wanautumia wakiwa na nyundo mkononi. Tabaka la namna hiyo linaitwa turbidaiti.

Sasa turudi Kilwa.

Kuanzia 2002 wanasayansi wa Tanzania na Uingereza walichoronga mashimo kadhaa kwenye pwani ya Kilwa na Lindi. Walichokuwa wanakitaka ni ule ule udongo laini wa kijivu ambao binti aliuita unga. Udongo huo haupitishi maji kirahisi, kwa hiyo foraminifera zilizomo zimehifadhiwa hadi zinang'aa kama kioo baada ya miaka mamilioni. Mwaka 2009 udongo huo ulitumika kupima hewa ya ukaa ya angani kipindi barafu ya Antaktika ilipoanza kutanda, kama miaka milioni 34 iliyopita. Wasomi wa hali ya hewa duniani wanaijua Kilwa kwa tope lake, sisi tunaijua kwa magofu.

Na foraminifera hizo zinasema nini kuhusu kina? Zinasema palikuwa maji marefu, mita 300 mpaka 500 au zaidi. Na ndani ya tope hilo kuna matabaka ya mawe ya chokaa yenye vijiduara kama sarafu. Vijiduara hivyo vinaitwa numulaiti, navyo pia ni foraminifera, ila wakubwa, wa maji mafupi yenye mwanga. Wamefikaje kwenye giza la mita mia tatu au tano? Waliporomoka. Ukingo ulioachia huko juu uliwabeba ukawamwaga kilindini, tope likawafunika, wakaporomoka wengine.

Kwa hiyo swali la “ilipanda na kushuka mara ngapi” lina jibu, mwanangu: kwa ajili ya matabaka yale, haikuhitaji kupanda wala kushuka hata mara moja. Hesabu matabaka ya jiwe kwenye shimo lenu, umepata idadi ya maporomoko yaliyoacha alama pale.

Na msidhani ni vitu vidogo. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba chini ya bahari yetu, upande wa Mafia, limezikwa poromoko ambalo ni moja ya makubwa kabisa yanayojulikana duniani. Lilitokea kati ya miaka milioni 23 na 11 hivi iliyopita, na wagunduzi wanalihusisha na kuinuka kwa ardhi na kupasuka kwa Bonde la Ufa. Ile gesi iliyopatikana kwenye kina kirefu tangu 2010, visima vyenye majina ya pweza, chewa na chaza, kwa sehemu kubwa imekaa kwenye mchanga wa namna hii hii, uliosafirishwa na mikondo mpaka kilindini. Tunapiga kelele za gesi kwenye mabaraza, lakini ni wangapi tunaofundisha ule mchanga ulifikaje kule?

Kuna mtu atasema hizi ni habari za zamani. Muulizeni aliyekuwa Nigeria au Afrika Kusini Januari 2020. Mto Kongo ulikuwa umefurika vibaya, na mdomoni mwake linaanza korongo linaloshuka mpaka kilindi cha Atlantiki. Mkondo wa tope ukaanza, ukaenda zaidi ya kilomita 1,100, siku mbili, na badala ya kuchoka ukawa unaongeza mwendo. Ukakata nyaya za intaneti za SAT-3 na WACS, na nchi kadhaa intaneti ikawa ya kusuasua. Watafiti walikuwa wametega vipimo ndani ya korongo. Viling'olewa vikaelea, na kwa kuviokota ndipo walipopata hesabu yote. Ni hadithi ya 1929 tena, waya kwa waya, ila safari hii walikuwepo watu wanaouliza. Na wadau wa Kigoma msicheke, maji ya Ziwa Tanganyika yanatoka kwa mto Lukuga yanaingia humo humo Kongo.

Wanorwei nao wana lao, Storegga, lililoporomoka kama miaka 8,150 iliyopita. Lilisukuma mawimbi mpaka Scotland, na mchanga wake bado umelala ndani ya udongo wa kule. Mwaka 1997 iligunduliwa gesi ndani ya kovu la poromoko lenyewe. Kabla ya kuanza kuitoa mwaka 2007, walichunguza kwanza kama mteremko unaweza kuachia tena.

Ninachokifikiria mimi kila nikilala ni zile faili za 1929. Watu 28 walikufa, waya zikaandika dakika zote, na mtu mmoja aliyeuliza “mbona huu ulichelewa saa 13?” angemaliza ubishi mapema. Labda mtu aliuliza. Labda kulikuwa na karani kijana ofisini, akanyoosha mkono, akaambiwa kaa chini.

Binti yule sasa yuko Form Four, mtihani wa taifa uko mbele yake. Nimemwandikia barua kurasa mbili, nimechora beseni, nimechora tabaka, nimepitishia kwa mwalimu wake wa darasa. Nimeandika wazi kwamba nilikosea, na kwamba kama kwenye mtihani wataulizwa aandike lile la desa apate maksi zake, lakini ajue kuwa swali lake lilikuwa zito kuliko desa. Nimemwomba pia anihesabie matabaka ya shimo lao, kama bado halijafukiwa, na apime unene wake kwa rula.

Barua nimeiposti Jumatatu. Jibu bado. Likija nitawaambia. Na wewe unayekwenda TP mwaka huu, ukiulizwa usichokijua sema tu, “sijui, tutatafuta.” Mimi ilinishinda dakika moja, imenigharimu wiki tatu za maktaba na urafiki wa chumbani.

Haya, kengele ya semina ya saa nane imegonga. Alamsiki.